Mkalimani wa Katuba

Mashine nimeikopa kwa fundi Kyungu wa Kamalondo,
siku mbili, na onyo: ukisikia harufu ya moshi, chomoa.
Kaseti ni ileile. Lebo imeliwa na mende,
limebaki neno moja la mwandiko wa shangazi, MAPENZI,
na chini yake, kwa kalamu nyekundu: MUSIFUTE.

Tulikuwa watoto kumi na wanane katika sebule hii,
wengine dirishani, miguu juu ya matofali,
na Shangazi Feza kando ya televisheni
kama padri kando ya altare,
akikipokea Kifaransa kutoka vinywani mwa wazungu
na kutugawia Kiswahili kikiwa bado cha moto.

Picha haina rangi. Mvua ya huko si kama yetu,
inadondoka kwa adabu, juu ya kofia.
Mwanamume ni fundi saa. Mwanamke analeta saa nzima.
"Anasema imesimama," shangazi alitwambia,
"lakini mwongo huyo, sikilizeni inavyolia."
Tukasikia kweli saa ikilia,
au labda jenereta ya jirani.
Walipobusiana alisimama mbele ya kioo
akakung'uta kitenge chake kisicho na vumbi.

Leo mimi ndiye ninayelipwa kwa Kifaransa:
asubuhi nne kwa wiki, wanafunzi hamsini na watatu,
na mshahara ukija, unakuja umechoka.
Nilitaka tu kujua kama saa ilikuwa inalia.

Ilikuwa inalia. Hapo alisema kweli.
Lakini yule aliyetwambia ni kaka wa fundi
ni mtu anayemdai;
na ile barua ndefu iliyotuliza sote
ni hesabu ya kodi ya nyumba, miezi mitatu,
ikisomwa kwa sauti nzuri.

Kisha stesheni.
Hapa picha inachanika michirizi myeupe,
hapa tu, kama suruali inavyochakaa gotini:
mkanda umerudishwa nyuma mara nyingi, na mkono mmoja,
usiku, sisi tukiwa tumelala.
Mwanamume yuko mlangoni mwa behewa. Treni inapumua.
Neno lake nimekua nalo: Nisubiri.
Tulilicheza uani, tukipanda juu ya beseni,
nisubiri, nisubiri, hadi mama zetu wakatuita ndani.

Anasema: Usinisubiri.

Silabi mbili. U. Si.

Hakuna aliyetueleza Baba Tshimanga alikwenda wapi.
Tulijua kulikuwa na mwaka wa kufukuzana,
watu waliozaliwa hapa wakaambiwa rudini kwenu Kasai,
stesheni yetu ikajaa magodoro, sufuria, cherehani,
watu wakilala pale majuma mazima wakingojea behewa.
Shangazi alimpelekea bukari kila jioni.
Jioni moja alirudi na sahani imejaa.

Namtazama. Anachambua sombe, miwani imeteremka puani,
macho hayako kwenye kioo. Midomo yake inatangulia,
kabla mwanamume hajafungua kinywa:
Nisubiri.

Shangazi, namwambia, mbona anasema kinyume?
Anatupa kikonyo ndooni.
"Huyo mzungu," anasema, "Kifaransa chake kibovu.
Kila mara anakosea hapo hapo.
Rudisha nyuma."

Narudisha. Mashine inakwaruza,
treni inaingia stesheni kinyumenyume,
moshi unarudi ndani ya bomba lake,
na mwanamume anashuka, mguu mmoja,
halafu wa pili.